Kura, mtindo wa kupigana au leseni: mhusika wa gemu la mchanganyiko achaguliwe vipi?

Mwanamapambano
Salaam wakuu. Nazungumzia magemu ya kupigana yanayokutanisha wahusika wa magemu tofauti, kama Super Smash Bros. na Marvel vs. Capcom. Naona njia tatu za kumpata mhusika: wachezaji wapige kura, mtengenezaji atafute anayeleta mtindo mpya wa kupigana, au wenye hakimiliki wakae mezani wakubaliane. Mimi niko upande wa kura. Ridley, yule adui wa gemu la Metroid, aliombwa miaka na miaka aingie Smash, na alipotangazwa 2018 furaha ya mashabiki haikuwa na mfano. Gemu ni la wachezaji, wasikilizwe. Mnaonaje?

Kobe Mpole
Mkuu, itazame vizuri kura ya Smash ya 2015. Nintendo, wenye gemu hilo, walipokea maoni ya mashabiki kuanzia Aprili mpaka Oktoba. Desemba wakamtangaza Bayonetta, mchawi wa gemu lenye jina lake, wakasema ameongoza Ulaya, na kwamba duniani kote ndiye wa kwanza kati ya wahusika ambao makubaliano yao yangewezekana. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yenye uzito. Oktoba 2021 akaja Sora wa Kingdom Hearts, na Masahiro Sakurai, mwongozaji wa Smash, mwenyewe akaeleza kuwa aliyeongoza ile kura alikuwa Sora. Kwa hiyo mshindi alikaa miaka sita nje ya mlango, maana Sora ni mali ya Disney, na bila wao kuridhia hakuna Sora. Kura mnapiga, lakini ufunguo anao mwenye mali.

Zuhura
Kobe kasema kweli, ila mimi naanza na swali lingine: huyo mhusika akishaingia, atapiganaje? Jina kubwa linachangamsha siku ya kutangazwa. Baada ya hapo unabaki na vitufe mkononi. Mwangalie Min Min wa gemu la ARMS, alivyo ndani ya Smash. Kitufe cha shambulio kinarusha mkono mmoja, kitufe cha mapigo maalumu kinarusha wa pili, na mikono yenyewe inafika mbali kuliko unavyotegemea. Ukimshika mara ya kwanza vidole vinagoma, inabidi ujifunze upya namna ya kusimama na umbali wa kukaa na mpinzani. Huyo kaongeza kitu kwenye gemu.

Na mtindo una gharama yake. Ice Climbers ni wawili wanaotembea pamoja, mmoja unamwongoza na wa pili anafuata. Mwaka 2014 wakaachwa kwenye Smash kwa sababu 3DS, mashine ya mkononi ya Nintendo, ilishindwa kuwabeba, na kwa kuwa matoleo ya 3DS na ya Wii U, mashine yao ya nyumbani, yalitakiwa yawe na wahusika walewale, wakakosekana kote. Wamerudi 2018. Kura ingewasaidia nini hapo?

Nahodha wa Kona
Dada Zuhura, nakubali nusu. Kumbuka Marvel vs. Capcom: Infinite ya 2017. Hakukuwa na hata mmoja wa X-Men! Wolverine hayupo, Storm hayupo, Magneto hayupo. Mmoja wa watengenezaji akatetea kwa hoja inayofanana na yako: kwamba watu wanampenda Magneto kwa kasi yake na kukata anga pande nane, na Nova, mhusika mwingine wa Marvel, anaweza kufanya hayohayo. Mashabiki walikataa katakata. Ukihesabu mapigo peke yake, unamtoa mtu na kubakiza mashine.

Zuhura
Nahodha, hiyo hoja siitetei hata kidogo. Mtindo ninaousema mimi lazima utoke ndani ya mhusika mwenyewe. Magneto anavuta chuma, ndivyo alivyo. Kumpa mwingine mbio zake hakumfanyi awe Magneto.

Kobe Mpole
Mfano mzuri wa leseni ni Soulcalibur II, 2003. Kila mashine ilipewa mgeni wake: GameCube walipata Link wa Zelda, PlayStation 2 wakapata Heihachi wa Tekken, Xbox wakapata Spawn wa vitabu vya katuni. Link alikuja na upanga, upinde na mabomu yake, akapigana kama Link hasa. Makubaliano ya biashara yakizaa kitu cha namna hiyo sina ugomvi nayo.

Mwanamapambano
Sawa, lakini tukimwachia mtengenezaji kila kitu ndipo tunapoletewa Piranha Plant kwenye Smash, mmea wa magemu ya Mario ndani ya chungu, huku watu wana majina yao wanayoyasubiri.

Zuhura
Umewahi kuucheza, ndugu yangu? Unapuliza tufe la chuma lenye miiba juu ya kichwa. Ukiendelea kushikilia kitufe, tufe linaelea palepale, na anayekuja kukurukia anatua kwenye miiba. Akisita, unalitema upande aliopo. Sijaona mhusika mwingine anayelinda eneo kwa namna ile. Uchukue raundi chache dhidi ya mtu anayekuzidi, halafu uje useme kama ungekubali utolewe.

Mwanamapambano
Sijaushika bado. Naujaribu leo usiku, ila jina langu kwenye kura silifuti.