"Utajua ukishalowa" ndiyo jibu la kumpa mtu anayeuliza daraja la ugumu wa mto?

MakasiaMawili (mleta uzi)

Wakuu, naandika huku vidole vinatetemeka kwa hasira, mkiona herufi zimepinda mnisamehe. Mods msiuunganishe na uzi mwingine wowote, huu ujitegemee.

Yule jamaa anayetangaza safari za boti la mpira mtoni mnamjua. Sina haja ya kumtaja. Miwani ya jua mpaka usiku wa manane, kila picha kashika kasia kama mkuki wa kuulia simba. Leo asubuhi dada wa watu kauliza kwa adabu zote: "Sijawahi kupanda boti la mpira kwenye maji ya kasi, kuogelea najua kidogo, huo mto ni daraja la ngapi na mtu mgeni aanzie wapi?"

Jamaa kajibu: "Utajua ukishalowa." Akaweka na kikatuni cha kucheka. Basi, katoweka.

UTAJUA. UKISHALOWA.

Madaraja ya ugumu wa mito yapo sita, hayakutungwa ili kupamba tangazo. La 1 ni maji yanayotembea tu, kuku anavuka bila kukunja manyoya. La 2 lina mawimbi madogo na njia pana, unaiona ukiwa mbali. La 3 mawimbi hayana mpangilio na boti lazima ligeuzwe kwa wakati. Mgeni anaweza, ila awe na mwongozaji anayeijua kazi na mwenyewe awe amekubali kwamba huenda ataogelea. La 4 maji yana nguvu kweli, na ukianguka kujiokoa peke yako ni shida, unawategemea wenzako. La 5 ni vurugu ndefu yenye vizuizi, si mahali pa kujifunzia kushika kasia. La 6 waachie wenyewe wanaolitafuta.

Sasa huyo dada anayejua kuogelea "kidogo" akipelekwa la 4 kwa sababu ya maneno mawili na kikatuni? Atajua nini akishalowa? Atajua kamba ya uokozi ina rangi gani, kama ataiona!

Na namba yenyewe haikai palepale. Maji yakiwa chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, au safari ikiwa ya siku nyingi porini mbali na msaada, kipimo chenyewe kinasema uhesabu mto kuwa mgumu kwa daraja moja zaidi. La 3 la baridi ni la 4. Maji ya namna hiyo yanaua nguvu za mikono ndani ya dakika chache. Kamba unaiona, vidole vinagoma kufumba. Lakini hapana, tusubiri tulowe kwanza ndipo tujue!

Nawasilisha. Siko sawa.

KibokoMstaafu

Jamaa kaandika maneno mawili, wewe umejaza ukurasa. Mshindi anajulikana.

Boya_Langu

Mkuu punguza povu, ila uko sahihi nusu. Namba peke yake haitoshi. Swali la maana ni moja: nikianguka, naangukia nini?

Zambezi chini ya Maporomoko ya Victoria ina madaraja ya 4 na 5 yamepangana, lakini maji ni mengi, ya kina, si ya baridi kali, na baada ya vurugu kwa kawaida kuna bwawa tulivu la kuokotana. Boti linapinduka, watu wanaibuka wanacheka. Chukua sasa kijito chembamba cha daraja la 3 chenye mawe kila hatua: kuanguka kwake ni goti, kiwiko, nyonga. Namba ndogo, michubuko mikubwa. Na hata huko Zambezi kuna poromoko namba 9 ambalo kwa kawaida abiria wanashushwa walipite kwa miguu kando ya mto. Safari nzuri ni ile ambayo mwongozaji haoni aibu kusema "hapa tunatembea".

NyamaYaUlimi

Kwa hiyo mgeni aanzie Zambezi. Asante, umejibu kama yule yule wa miwani.

Boya_Langu

Nimeandika hivyo wapi? Soma kwa macho, usisome kwa kisogo. Nimesema ULIZA UNAANGUKIA NINI.

NyamaYaUlimi

Utajua ukishalowa 😂

MakasiaMawili

Unaona? Limeshakuwa msemo! Mtu kauliza kwa adabu halafu

Bibi_Mkondo

Wanangu tulieni. Kabla ya daraja, huyo binti aulize nani anapiga kasia. Kuna boti ambalo mwongozaji anakaa katikati na makasia mawili marefu, abiria kazi yao ni kushikilia kamba tu. Hilo mgeni analimudu hata kwenye maji makali kidogo. Kuna lile ambalo abiria wote wana makasia na mwongozaji kakaa nyuma anatoa amri. Hapo abiria ndio injini, na injini inayochelewa kusikia inawapeleka wote kwenye jiwe.

Boti likisukumwa ubavu kwenye jiwe, mwili wa mgeni unataka kulikimbia jiwe. Akilikimbia, ukingo unaotazama maji yanakotoka unazama, maji yanaingia, na boti linalikumbatia jiwe kama nguo iliyonaswa kwenye mwiba. Amri sahihi ni wote kurukia upande wa jiwe, na ni suala la sekunde moja au mbili. Mtu asiyeweza kufanya hivyo bila kujadiliana asichague la 4 lenye makasia mkononi.

FundiKamba

Mimi kero yangu ni kubwa kuliko ya mleta uzi. Wanaosifia mito ambayo haipo tena! Mtu anaelekezwa maporomoko ya Bujagali kwenye Nile pale Jinja, na wakati yako chini ya maji ya bwawa la umeme zaidi ya miaka 10 sasa. Chini yake tena likaja bwawa la Isimba, lililozinduliwa 2019, likameza mengine. Safari zipo na ni nzuri, lakini si zile za maandishi ya kale. Soma tarehe kabla ya kusoma sifa. Na mto wenye bwawa juu yake, uliza wanafungulia maji saa ngapi, maana wa asubuhi si wa jioni.

KibokoMstaafu

Na wale wanaojigamba "nimepita daraja la 8"? Mito mingi inaishia 6. Mto Colorado pale Grand Canyon, Marekani, wana kipimo chao cha 1 mpaka 10, mtu anasoma huko anakuja kututisha huku.

MakasiaMawili

Sawa, lakini turudi. Mtu kauliza daraja la mto, kajibiwa UTAJUA UKISHALOWA. Mnaliona hilo au mnaliruka?

Meno32

Tumeliona mkuu. Kero yangu mimi ni abiria anayeachia kishikio cha juu cha kasia, kile chenye umbo la T. Kiganja kikitoka pale, boti likiruka, kishikio kinageuka rungu. Meno ya jirani, pua ya jirani. Mkono wa juu haubanduki, hata ukipigwa na wimbi usoni. Mtu anauliza daraja, hajauliza atakaa na nani!

FundiKamba

Na wanaotupiwa mfuko wa kamba wakashika mfuko. SHIKA KAMBA. Mfuko bado una kamba ndani, itaendelea kutoka na wewe utaendelea kwenda zako. Usiizungushe mkononi. Ilete kifuani, pitisha begani, lala chali, kichwa kielekee maji yanakotoka ili uso usipigwe.

NyamaYaUlimi

Na jaketi okozi la kuazimana, limelegea kama kanzu ya babu. Kaza mikanda, mwenzako akuvute mabegani kwenda juu. Likifika masikioni, hilo si lako. Mwongozaji asiyepita kuvuta mabega ya kila abiria huyo si mwongozaji, ni gaidi.

Bibi_Mkondo

Haya, hilo umesema la maana kwa mara ya kwanza. Ongeza: ukianguka lala chali, miguu mbele, vidole vya miguu vichungulie juu ya maji, na usisimame mpaka maji yawe chini ya goti. Mguu ukinasa kati ya mawe mawili, maji yanakukunja kifudifudi na jaketi halisaidii. Ila ukiuona mti ulioangukia mtoni na huwezi kuukwepa, badilisha kila kitu: geuka kwa tumbo, kichwa mbele, ogelea kwa mikono kwa nguvu uuendee, ujivute juu yake. Ule ni chujio. Maji yanapita, mtu anabaki.

Meno32

Hayo yote yafundishwe nchi kavu kabla ya kuingia majini, si katikati ya povu. Safari ambayo maelezo yake yanaisha kabla watu hawajamaliza kufunga helmeti, shuka mapema.

KibokoMstaafu

Na ndala. Kuna watu wanakuja na ndala. Ya kwanza inaondoka kwenye wimbi la kwanza, ya pili wanaivua kwa huruma.

FundiKamba

Viatu vya mpira vya kufunga kamba au sandali yenye mkanda nyuma ya kisigino. Na miwani ifungwe kamba.

MakasiaMawili

Jamani. Uzi wangu. Utajua ukishalowa. Kikatuni.

KibokoMstaafu

Mkuu, hilo tumeshalizika. Turudi kwenye viatu. Sandali yenye gundi moja tu chini utaiona inafungua mdomo kama mamba.

Maua_ya_Ukingoni

Habarini. Mimi ndiye niliyeuliza asubuhi. Nimesoma wote, asanteni sana, hasa bibi. Kwa hiyo ule mto ni daraja la ngapi?

Boya_Langu

Inategemea maji ya wiki hiyo.

Meno32

Na nani anapiga kasia.

FundiKamba

Ndala hapana, dada. Nasisitiza.