Riwaya za saifai za miaka hii, zipi zimewagusa kweli?

Msomaji wa Ntinda
Wandugu habari za jioni. Niko nasoma hizi riwaya za saifai, yaani hadithi za kubuni za kisayansi, za karibuni na kazini kwetu hakuna hata mmoja wa kuongea naye, kwa hiyo nawaletea ninyi. Mimi roketi na vita vya nyota havinishiki sana, kinachonishika ni pale viumbe wawili wasiojuana kabisa wanalazimika kuelewana.

Chukua Project Hail Mary ya Andy Weir, ya 2021. Mwalimu wa sayansi anaamka ndani ya chombo huko kwenye nyota ya Tau Ceti, jina lake mwenyewe halikumbuki, wenzake wawili wamekufa, na huku nyumbani jua linafifia kwa sababu kuna vijidudu vinakula nguvu yake. Hesabu ni nyingi, zingine nimezipita haraka. Ila akishafika yule Rocky jamani! Fundi kutoka nyota nyingine, macho hana, anaongea kwa sauti kama za muziki, na hewa yake ni amonia ya moto ambayo ingemuua binadamu papo hapo, kwa hiyo wanawekeana ukuta katikati na wanaanza kufundishana neno moja moja, mwalimu anarekodi kila sauti kwenye kompyuta. Halafu Rocky anataka kumlinda mwenzake akilala, maana kwao mtu halali bila wa kumwangalia. Hapo nilikiweka kitabu chini nikakaa tu.

Klara and the Sun ya Kazuo Ishiguro nayo imeniuma. Roboti aliyenunuliwa awe rafiki wa mtoto mgonjwa, anaishi kwa nguvu ya jua, basi ameliamini jua mpaka anakatiza majani marefu kwenda kwenye ghala la jirani, jua likizama, kuliomba limponye mtoto wake. Anaomba kwa adabu, anaahidi na kulipa. Sijui mwandishi alifanyaje nikaiamini sala ya mashine.

Iliyonishinda ni Orbital ya Samantha Harvey, ile iliyochukua tuzo ya riwaya ya Booker 2024. Watu sita ndani ya kituo cha anga za juu wanazunguka dunia mara 16 kwa siku moja, wanaangalia chini, wanakula, wanafanya mazoezi, kitabu kimeisha. Hivi hiyo nayo ni saifai? Na nisome nini sasa, nataka ambacho huko mbele na sisi Waafrika tumo.

Nnyabo wa Entebbe
Sebo, kwa Orbital sikubaliani na wewe hata kidogo. Saifai siyo, hapo sawa, karibu kila kilichomo kipo leo. Lakini unasema hakuna kinachotokea, na yule Chie Mjapani je? Anapata habari mama yake amefariki na yeye yuko huko juu, kurudi hawezi, mazishi yatafanyika bila yeye na kesho ana kazi za maabara kama kawaida. Kwetu hapa mtu kukosa kumzika mama yake unajua ni jambo la namna gani. Na kile kimbunga wanakiona kinaelekea Ufilipino, wanapiga picha, wakipita tena kimekua, na kusaidia hawawezi. Mimi kilinikaa kifuani wiki nzima. Halafu kumbuka setelaiti yetu ya kwanza ya Uganda, PearlAfricaSat-1, waliyoitengeneza vijana wetu watatu kule Japani, ilipelekwa kwenye kituo cha kimataifa cha anga za juu Novemba 2022 na Desemba ikaachiliwa kutoka pale. Kisome tena polepole, ni kifupi.

Kijana wa Jinja
Kama unataka Waafrika nenda moja kwa moja kwa The Old Drift ya Namwali Serpell, Mzambia, ya 2019, ilipata tuzo ya saifai ya Arthur C. Clarke 2020. Ni kinene banange, na saifai yenyewe inachelewa kuja, unapita kwanza ukoloni, bwawa la Kariba, familia tatu zinavyochanganyikana, usikate tamaa. Kuna Edward Makuka Nkoloso, huyu alikuwepo kweli, miaka ya 60 alikuwa anawafundisha vijana wa Zambia kwenda mwezini, anawabingirisha mlimani ndani ya pipa. Wazungu walimcheka, Serpell anamwandika kama mtu mzima mwenye akili na hilo nimelipenda sana. Na kati ya sura na sura wanaoongea ni mbu! Kundi la mbu linatusimulia habari zetu, na mwishoni zinatokea droni ndogo za umbo la mbu. Sisi tunaougua malaria kila mwaka tunakisoma kwa namna yetu.

Mzee wa Kasese
Vijana asanteni. Mimi naongeza The Ministry for the Future ya Kim Stanley Robinson, 2020. Sura ya kwanza tu, joto na unyevu linaupiga mji mmoja India, umeme umekatika, watu wanaingia ziwani wapoe na maji yenyewe ni ya moto, asubuhi karibu wote wamekufa. Baadaye mikutano inakuwa mingi mno na mambo ya benki, hapo kinachosha, nasema wazi. Lakini mimi naishi chini ya Rwenzori, theluji tuliyokuwa tunaiona tukiwa watoto imepungua, na mto Nyamwamba ulivyofurika 2020 tuliona ulichofanya Kilembe. Sikukisoma kama habari za mbali.

Wa Tororo
Mbona mmemsahau Dilman Dila? Ni wa kwetu Tororo kabisa. A Killing in the Sun ya 2014, halafu Where Rivers Go to Die ya 2023. Ni hadithi fupi fupi siyo riwaya, ila huko mbele anakoandika ni hapa hapa, na mizimu ya wazee imo pamoja na mashine.

Msomaji wa Ntinda
Asanteni sana, Dila naanza naye wikiendi hii halafu The Old Drift. Nnyabo, habari ya Chie niliipita mbio, nimeirudia usiku huu na kweli ile kazi ya maabara siku ya pili inauma. Bado nataka hadithi isogee lakini. Mzee, hiyo mikutano naweza kuiruka bila kupotea?

Mzee wa Kasese
Ruka, ila sura za Frank usiruke hata moja. Ndiye aliyebaki hai kutoka lile ziwa.