Wenye magari ya umeme, tupeane uzoefu: unafurahia au unauza?

Mwana Kimara
Wakuu, habari za jioni. Kule kwenye uzi wa bei ya mafuta mjumbe mmoja kaandika kwamba gari la umeme kwa Tanzania ni pambo la matajiri wa Masaki. Nimeshindwa kunyamaza. Naishi Kimara, kazi yangu iko Posta, na gari la umeme ndilo linalonipeleka na kunirudisha tangu ile 2023 petroli ilipopita shilingi 3,200 hapa Dar. Nachomeka usiku, asubuhi naondoka. Habari za oili ya injini, plagi na mkanda wa taimingi nimezisahau. Hata pedi za breki haziishi haraka, maana ukiachia mguu gari linajizuia lenyewe na kurudisha umeme kwenye betri.

Lakini najua wapo walioumia. Mwenye gari, aliyewahi kuwa nalo na aliyeuza, aseme lilivyomtendea. Zile za kusoma mitandaoni tuziache.

Mama Abdul
Nakuunga mkono. La kwangu ni la kupeleka watoto shule na kwenda dukani, Tegeta hapahapa. Sina neno nalo.

Dereva wa Gesi
Mkuu Kimara, hesabu yako nzuri kwa mtu wa ofisini. Mimi nabeba abiria. Nikisimama nachaji, sili. Nimefunga mtungi wa gesi asilia, kilo haifiki shilingi 2,000, kilomita 100 hazinimalizii 15,000, na gesi ikiisha nabonyeza swichi narudi kwenye petroli. Gari lako betri ikiisha unabonyeza nini?

Mwana Kimara
Dereva, sikukatalii, lakini tuweke namba mezani. Langu linakula uniti kama 15 kwa kilomita 100. Luku ya nyumbani, kodi na tozo zote ndani, uniti ni kama shilingi 356. Hiyo ni 5,340. Ongeza na umeme unaopotea njiani wakati wa kuchaji, sema 6,000. Gari la petroli linalokwenda kilomita 10 kwa lita litataka lita 10. Hata lita ukiiweka 3,000 tu, ni 30,000. Na hiyo 15,000 yako hujaweka saa unazokaa kwenye foleni ya gesi. Tunakuoneni pale Ubungo, watu wamelala kwenye usukani.

Dereva wa Gesi
Foleni ipo, sikatai. Nakwenda saa tisa usiku, napata.

Bi Mkubwa wa Mbagala
Hesabu ya 356 ndiyo iliyonitia hasira mimi. Nyumbani nilikuwa kwenye kundi la matumizi madogo, lile la uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, ambako uniti haifiki hata shilingi 130. Gari lilipoingia tu, uniti zikapaa, nikatolewa kwenye kundi. Sasa friji, feni, taa na pampu ya maji vyote nalipia bei ya juu. Kwa hiyo unapohesabu gharama ya gari la umeme usihesabu umeme wa gari peke yake, hesabu na ule wa nyumba nzima ulivyopanda. Hakuna muuzaji aliyeniambia hili.

Kiroboto
Samahani dada yangu, ila umeme wa uniti 75 uliwekwa kwa ajili ya wanyonge. Mwenye gari anaulilia wa nini?

Bi Mkubwa wa Mbagala
Gari nimelikopea kikobani na nalilipa kidogo kidogo. Mnyonge hatakiwi kuwa na gari? Nimeeleza lililonipata, wewe umekuja kunipimia umaskini.

Mwana Kimara
Tusigombane jamani. Hoja yake ni ya kweli na mimi sikuifikiria, kwa kuwa mita yangu ilikuwa bei ya juu tangu mwanzo. Wanaofikiria kununua waisome vizuri.

Msafiri wa Uluguru
Uzi huu umenikumbusha jambo. Ngoja niliseme lote, maana nimekaa nalo muda mrefu.

Mama yangu mdogo alifariki Morogoro, mazishi kesho yake saa saba mchana. Nilikuwa na gari la umeme la Kijapani, betri ndogo, la mtumba kama yetu wengi. Likijaa linaonyesha kilomita 140. Dar mpaka Morogoro ni kama 190, kwa hiyo nikapanga mapema: shemeji yangu yupo Chalinze, tutafika kwake jioni, tunachomeka, tunalala, alfajiri tunaendelea. Ndani ya gari tulikuwa mimi, mke wangu na mama mzazi, ambaye ndiye aliyefiwa na mdogo wake.

Chalinze tulifika salama, zimebaki kilomita kama 20. Nimechomeka, taa ya chaja imewaka, mama kapewa chai. Haijapita saa moja, giza. Umeme umekatika eneo zima. Tukasema utarudi. Saa tatu kimya, saa nne kimya, saa tano mama anauliza kwa sauti ndogo, "Tutamuwahi?"

Shemeji akamgongea mtu mwenye karakana ya kuchomelea, ana jenereta kubwa, kama kVA 5. Yule bwana aliamka bila kunung'unika, Mungu ambariki. Tukaleta jenereta, tukachomeka, chaja ikawaka taa nyekundu. Tunachomoa, tunachomeka, nyekundu. Kumbe chaja ya gari inapima kwanza kama kuna waya wa ardhi, na jenereta ile haikuwa nao. Fundi kapigilia nondo ardhini, kamwagia maji, kaunga waya kutoka kwenye jenereta mpaka kwenye nondo, kaunga na nyutro. Ikawaka kijani. Saa sita usiku hiyo. Majirani wakalala na kelele za jenereta mpaka alfajiri na hakuna aliyekuja kulalamika, waliposikia ni msiba.

Alfajiri kioo cha dashibodi kinasema kilomita 90. Zilizobaki kufika Morogoro ni themanini na kitu. Nikazima kiyoyozi, nikafungua vioo, nikaenda taratibu. Ubena Zomozi tukapita. Bwawani tukapita. Lakini barabara ile inapanda, hutaihisi ukiwa na gari la mafuta, ila namba kwenye kioo ilikuwa inashuka haraka kuliko nguzo za kilomita. Kabla ya Mikese ikawaka alama ya kobe. Gari likaanza kutambaa, malori yananipita yanapiga honi, mama nyuma anasoma dua. Likazima.

Mke wangu alisimamisha basi katikati ya barabara kwa kanga yake. Kondakta alipoambiwa ni msiba akampandisha mama bure na kumpa kiti cha mbele. Mama alimuwahi mdogo wake. Mimi nilibaki na gari mpaka jua la utosi nikisubiri lori la kulibeba, na mazishi sikuyaona.

Gari bado ninalo. Kwa mjini ni zuri na sitaliuza. Lakini halivuki Kibaha tena mpaka nione chaja ya haraka Chalinze kwa macho yangu.

Mama Abdul
Innalillahi wainna ilaihi rajiun. Pole sana kaka. Nimesoma hadi hapo kwa kanga nikalia.

Dereva wa Gesi
Pole kwa msiba, mkuu. Hapa sina la kubishana.

Kiroboto
Pole. Ila gari la umeme limechajiwa kwa jenereta ya petroli, si bora angekwenda kwa gari la petroli tu?

Fundi Waya
Kiroboto, mtu anasimulia msiba. Acha.

Msafiri, pole sana. Fundi yule wa karakana anajua kazi, wengi wangehangaika mpaka asubuhi. Naongeza kwa faida ya wote: gari la umeme likizima barabarani msilivute kwa kamba huku magurudumu yanayoendeshwa na mota yako chini. Mota ikizungushwa inazalisha umeme na unaweza kuunguza mfumo. Libebwe juu ya lori kama alivyofanya yeye, au magurudumu hayo yanyanyuliwe. Nyaya za rangi ya machungwa chini ya boneti ni za volti mia tatu na zaidi, fundi wa mtaani asiziguse kabisa.

Kaka Mkubwa
Mimi nachaji kwa ekstensheni kutoka sebuleni, dirishani mpaka uani. Halijatokea lolote.

Fundi Waya
Mkuu, leo likiwa limechaji kwa muda wa saa mbili hivi, shika ile plagi kwa mkono. Ikiwa ya moto, umeshaanza kuunguza nyumba. Soketi ya ukutani haikuwekwa kubeba mzigo mzito usiku kucha. Vuta waya wake peke yake kutoka kwenye boksi kuu, wa milimita 4, na breka yake, na hakikisha waya wa ardhi upo kweli. Nyumba nyingi za hapa tundu la ethi lipo ukutani lakini nyuma yake hakuna waya.

Kaka Mkubwa
Nimeshika. Ni ya moto. Nimechomoa.

Stima Nairobi
Hamjambo ndugu zetu. Mimi ni dereva wa teksi ya stima pekee, yaani umeme, Nairobi. Dereva wa Gesi anasema akisimama kuchaji hapati cha kula. Mimi nachaji usiku nikilala. Mwaka 2023 huku iliwekwa bei maalum ya stima ya kuchaji magari, wakati huo uniti shilingi 16 za Kenya mchana na 8 usiku, ukiwa na mita yake. Asubuhi natoka nimejaa, mchana naongeza kidogo nikila chakula. Msongamano wa Nairobi ambao unaua gari la petroli, la kwangu linasimama tu, halichomi kitu. Na hali ya hewa yetu ya baridi kiasi haisumbui betri.

Shida yangu ni moja: abiria wa kwenda Nakuru nawakataa, na hao ndio wenye pesa.

Dereva wa Gesi
Ndicho ninachosema tangu mwanzo.

Mpemba wa Oslo
Assalaam alaykum. Nami niseme la huku. Mwaka 2024, Norway, karibu magari tisa katika kila kumi mapya yaliyouzwa yalikuwa ya umeme, kwa hiyo hili tumelizoea. Baridi kali inakata umbali vibaya sana. Dawa yake ni kupasha gari moto likiwa bado limechomekwa ukutani, lisitumie betri yake. Nyinyi mfanye vivyo hivyo kwa kiyoyozi: lipoze kabla hujachomoa. Na serikali ya huku iliondoa kodi kubwa kwenye magari haya kwa miaka mingi, chaja zikajengwa barabara nzima. Umeme wa maji tunao huku, na nyinyi mnao Rufiji.

Bi Mkubwa wa Mbagala
Bwawa la Nyerere hapo Rufiji lina megawati 2,115, tunajivunia. Ila mtaani kwetu watu wakiwasha majiko jioni, taa zinafifia. Magari kumi yakichomekwa mtaa huu saa moja usiku itakuwaje?

Mpemba wa Oslo
Chajini usiku wa manane, bibie. Magari mengi yana saa ndani yake, unaliambia lianze saa sita.

Mzee Sabasaba
Vijana, mnasahau jambo kubwa kuliko yote: mnanunua mtumba wa betri. Nissan Leaf za mwanzo, zile za 2011 na kuendelea zenye betri ya kWh 24 (yaani uniti 24 za umeme), betri yake haina mfumo wa kupozwa kwa maji, na joto ndilo linaloiua. Dar ni joto mwaka mzima. Pale pembeni ya kioo kuna vijiti 12 vya afya ya betri. Ukiona 8, gari hilo ni la kwenda sokoni na kurudi. Na vijiti pekee visikuridhishe, wapo wajanja wanaofuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri ili vijiti virudi vyote kwa muda. Pata kifaa cha kuchomeka kwenye tundu la uchunguzi la gari na programu ya LeafSpy kwenye simu, ikupe asilimia yenyewe. Gari likiwa bado Japani, omba picha ya kioo chake likiwa limejaa, na kipimo cha joto la betri kionekane.

Kaka Mkubwa
Nunueni tu, betri zinauzwa hata za magari yaliyogongwa.

Mzee Sabasaba
Zinauzwa, mwanangu, lakini nayo umri wake huujui. Mtakuwa mnabadilisha mgonjwa kwa mgonjwa.

Mama Abdul
Shikamoo Mzee. La kwangu siku moja liligoma kuwaka kabisa na kioo usiku kilionyesha limejaa. Nikadhani betri kubwa imekufa, nikakosa usingizi. Kumbe ni betri ndogo ya kawaida ya volti 12, ile kama ya magari yote. Ikifa hiyo, gari haliwaki hata betri kubwa ikiwa imejaa. Nimenunua mpya, limewaka. Akina mama msije mkauziwa betri kubwa kwa tatizo la betri ndogo.

Fundi Waya
Marahaba kwa niaba ya Mzee. Ushauri wa dada huu uwekwe juu kabisa ya uzi.

Mgeni wa Mwanza
Nimefuatilia kimya. Nimeshaagiza, meli inafika bandarini Dar mwezi ujao. Nilitaka kuliendesha hadi Mwanza nikilala njiani na kuchaji gesti. Nisaidieni.

Dereva wa Gesi
Inawezekana, ila utahamia Singida.

Msafiri wa Uluguru
Ndugu yangu, usiendeshe. Ni zaidi ya kilomita 1,100, na gesti unayoitegemea ndiyo itakayokatika umeme.

Fundi Waya
Lipakie kwenye lori la kubeba magari. Mwambie wakala asilisafirishe betri ikiwa tupu wala ikiwa imejaa, nusu inatosha. Waya wa kuchajia uchukue mwenyewe mkononi bandarini, usiuache kwenye buti. Ukifika Mwanza nitafute hapa kabla hujachomeka, nikuelekeze fundi wa kukuvutia waya.

Mgeni wa Mwanza
Sawa mkuu. Na plagi ya Japani itaingia kwenye soketi zetu?

Fundi Waya
Haiingii. Kwanza piga picha ya maandishi yaliyo kwenye boksi la chaja. Yakisema volti 100 pekee, usithubutu kuichomeka kwenye 230 yetu. Ukiipata picha, iweke hapa tuione.