Tupeane uzoefu: stima ya nyumbani unaipunguza aje, na wenye sola inawasaidia kweli?

Mwenye uzi, Umoja
Wadau habari za jioni. Hapa kwangu kuweka tokeni ni kama kujaza maji kwa gunia, naweka za elfu na kabla nigeuke mita inaanza kulia. Tuko watu watano, kuna friji, TV, na shawa ya stima. Sitaki wauza paneli kwa huu uzi, hao nishawaskia vya kutosha. Nataka mtu anaishi hapa Nairobi aseme kwake alifanya nini na mita ikasemaje. Wapangaji, wenye nyumba, hata wa ploti, karibuni.

Mpangaji, Zimmerman
Ushajijibu mwenyewe hapo kwa shawa. Jaribu hivi, zima kila kitu alafu uwashe kimoja kimoja ukiangalia ile taa nyekundu ya mita inapepesa aje. TV inapepesa pole pole, shawa ukiwasha taa inapagawa. Hizi shawa zetu ni wati 3,500 hadi 5,500. Chukua ya 5,000, mtu akikaa dakika kumi amekula yuniti 0.83 (yuniti moja ni kitu cha wati 1,000 kikiwaka saa moja), watu watano ni zaidi ya yuniti nne kwa siku, mwezi ni kama 125 na bado hata chai haijachemka. Sasa linganisha na balbu ya LED ya wati 9, masaa matano kila usiku mwezi mzima haifiki yuniti moja na nusu. Kwa hivyo wale wa kufukuzana na watoto juu ya taa ya koroda wacheni, pigana na maji moto. Kwetu maji ya kuoga siku hizi ni ya gesi na beseni, shawa inawashwa mgeni akija tu, na ndio peke yake kitu nilibadilisha nikaona tofauti ya maana.

Mwenye uzi, Umoja
125?? Woi. Na kuna kijana hapa anaoga nusu saa.

Mstaafu, Kahawa West
Vijana, niongezee hapo. Hesabu ya huyo wa Zimmerman ina jambo lingine ndani. Tangu tarifu, yaani bei mpya za stima, ya Aprili 2023 nyumba zetu zimegawanywa kwa matabaka matatu, hadi yuniti 30 kwa mwezi, kutoka 30 hadi 100, na kupita 100. Ilipoanza, bei ya kwanza ilikuwa kama shilingi 12 kwa yuniti, ya katikati kama 16, ya juu karibu 21, na hiyo ni kabla ya VAT, chaji ya mafuta, ya forexi (bei ya dola) na nyingine ndogo ndogo ambazo hubadilika kila mwezi. Kenya Power wanaangalia wastani wa miezi mitatu iliyopita ndio wajue uko wapi. Shawa ikikusukuma juu ya 100, hata yuniti ya ile balbu unailipia bei ya juu.

Na hii maneno ya ati ukinunua tokeni usiku wa manane ama tarehe fulani unapata nyingi, hapana. Zamani kulikuwa na fixed charge ya shilingi 150 iliyokatwa ukinunua mara ya kwanza kwa mwezi, kwa hivyo tokeni ya kwanza ilionekana ndogo. Hiyo iliondolewa 2018. Lakini mke wangu bado anangoja saa sita usiku na mimi nimenyamaza, amani ni muhimu.

Mama wa Kayole
Nyinyi mko na mita. Sisi ploti yetu stima iko ndani ya kodi, koili marufuku, pasi marufuku, keateka anapita usiku akiskiza ni nani anachemsha. Na stima ikienda inakaa. Mimi nilichukua ile sola ndogo ya kulipa mdogo mdogo kwa simu, taa tatu, redio na ya kuchaji simu, paneli nimeifunga kwa grili ya dirisha juu paa si langu. Haiendeshi pasi, haiendeshi TV kubwa, wasikudanganye. Lakini mtoto anasoma, na giza likiingia majirani wote wako kwangu na simu zao. Nilifikiria kuwalipisha kumi kumi nikaona aibu.

Dada wa South B
Mimi ni wa kupika. Watu wanaogopa kupikia stima na kusema ukweli ile koili ya kawaida ni haki yao kuiogopa. Ila sufuria ya presha ya stima ni kitu kingine kabisa. Imeandikwa wati 1,000 unashtuka, lakini haikai imewaka, inashika presha inazima, inawaka kidogo tena, imefungwa vizuri moto hautoki. Githeri ya nyumba nzima haifiki yuniti moja, na hiyo githeri ilikuwa inanimalizia gesi. Chapati sasa hapana, chapati ni gesi ama makaa na msiniulize tena.

Ingine ni dekoda. Hiyo kitu hata ukizima TV inaendelea kula, ya wati 12 ikikaa kwa soketi mchana na usiku ni karibu yuniti 9 kwa mwezi, mara sita ya balbu yenu ya LED. Zima ukutani. Na friji, funga karatasi kwa mlango, ukivuta ikitoka rahisi raba imekwisha, badilisha raba si friji.

Mwenye nyumba, Utawala
Haya mimi niko na sola ya ukweli na nina lalamiko. Paneli nane juu ya mabati, inveta safi (ile inageuza stima ya paneli iwe ya nyumba), hakuna betri juu bei ya betri ilinikataza. Mchana mita hata haisongi, nafurahi. Siku stima imepotea jua likiwa kali saa sita, nyumba yangu giza kama za wengine! Aliyenifungia hakuwahi kuniambia.

Fundi wa sola, Githurai 44
Mkubwa hiyo haijaharibika. Inveta ya aina hiyo inafuata laini ya Kenya Power, laini ikizima lazima na yenyewe izime, kama sivyo ungekuwa unasukuma stima kwa waya na kuna mtu yuko juu ya nguzo anatengeneza. Unataka mwanga stima ikienda, hapo ni inveta ya haibridi, ile inafanya na laini na betri pia, na betri yenyewe hata ndogo. Na wale wa jenereta tafadhali wekeni chenjiova (swichi ya kuchagua laini ama jenereta, si zote pamoja), wacheni ule waya wa plagi pande zote mbili, unaua.

Mwenye nyumba, Utawala
Sawa, na ile ya ziada mchana siwezi kuwauzia Kenya Power?

Fundi wa sola, Githurai 44
Kuna kanuni za 2024 za net metering, yaani kurudisha stima yako ya ziada kwa laini ihesabiwe, zimetoka kwa Sheria ya Kawi ya 2019. Lakini si kuuza vile watu wanafikiria, hupati pesa mkononi, ukisukuma yuniti kumi unahesabiwa tano za kutumia. Kwa hivyo afadhali uitumie yenyewe ikitoka. Fua mchana, piga pasi mchana, pampu ya tanki iwake saa sita. Chuo cha Strathmore pale Madaraka kimefunga kilowati 600 juu ya paa tangu 2014, na inawafaa sababu watu wako darasani jua likiwa juu. Nyumba ambayo wote wanatoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi usiku ni hesabu tofauti.

Mpangaji, Zimmerman
Fundi, nyumba ya kawaida bila mambo ya moto inataka ngapi?

Fundi wa sola, Githurai 44
Taa tano, TV, dekoda na waifai ni kama yuniti moja kwa siku. Paneli ya wati 400 inatosha siku ya jua, Julai na yale mawingu yetu inakaza kamba. Betri ya lithiamu ya 12V 100Ah inakubeba usiku. Ukienda na ya asidi chukua 200Ah, ile huwezi kuinywa zaidi ya nusu la sivyo unaizika mapema. Friji ongeza karibu mara mbili. Shawa wacha, hiyo ukitaka jua weka hita ya maji ya sola juu ya paa, lakini kama maji yako ni ya kisima yenye chumvi uliza kwanza kuhusu ile ya mzunguko mbili, ambayo maji ya kuoga hayapiti kwa mirija ya jua, chumvi inaziba mirija.

Mama wa Kayole
Na paneli za Luthuli Avenue huko tao, 300W kwa bei ya 100W?

Fundi wa sola, Githurai 44
Mathe, geuza usome nyuma. Zidisha Vmp na Imp (volti na ampea zake ikitoa nguvu zote), ndio wati zenyewe, alafu pima urefu. 300W ya ukweli ni kama mita moja na nusu hivi na zaidi kwa mita moja. Ikiingia kwa boda bila shida, hiyo si 300.