Portia Modise: magoli 101 halafu hakucheza Kombe la Dunia hata moja, ilikuwaje?

Baba_Salma_Mbagala:
Wadau habari za jioni. Nina binti yangu wa miaka 13, ni straika, anacheza na wavulana hapa Mbagala kwenye vumbi maana timu ya wasichana karibu na kwetu hakuna. Juzi anaangalia klipu kwenye simu yangu, dada wa Banyana Banyana, timu ya taifa ya wanawake ya Afrika Kusini, anaachia shuti kutoka karibu na katikati ya uwanja, mpira unampita kipa wa Sweden juu kwa juu, mtoto kairudia mpaka bando likakata. Nikamwambia huyo ni Portia Modise, mtoto wa Soweto. Basi maswali yakaanza, baba alifunga mangapi, Kombe la Dunia alicheza mwaka gani. Magoli nilikuwa nayajua, 101 kwenye mechi 124, ila hilo la Kombe la Dunia nimetafuta simuoni popote. Inakuwaje mtu wa magoli 101 asiende hata mara moja? Nisaidieni nikamjibu mtoto.

Kijana_wa_Chamazi:
Mkuu ni kweli hakucheza. Nafasi za Afrika zilikuwa 2 tu kwa muda mrefu, na moja ujue tayari ni ya Nigeria, kwahiyo wengine wote mnagombania moja. Hilo goli la Sweden ni Olimpiki ya London 2012, walipigwa 4-1 lakini watu wanalikumbuka lile lake. Na ndo Mwafrika wa kwanza kufikisha magoli 100 timu ya taifa, wanaume na wanawake wote ukiwajumlisha. Eto'o ana 56, Drogba 65. Mwambie Salma hivyo hivyo.

Mamu_Tandika:
Baba Salma shikamoo. Kijana hapo juu kasema kweli ila kaacha sehemu inayouma. Kuanzia 2008 hadi 2012 Portia hakuwepo timu ya taifa, hakuelewana na kocha wa wakati ule akakaa pembeni. Kazaliwa 1983, sasa piga hesabu mwenyewe, 25 mpaka 29, miaka ambayo straika ndo yuko moto. Na katikati hapo kuna mashindano ya Afrika ya 2010, yalifanyika kwao Sauzi. Banyana wakashika nafasi ya 3, wanaoenda Kombe la Dunia Ujerumani ni 2. Walikosa nafasi moja tu na straika wao mkubwa yuko nyumbani.

Mimi nimecheza mpira hapa Dar miaka hiyo, nikatofautiana na kocha wa timu yangu kuhusu nauli za mazoezi, nikakaa nje misimu miwili, niliporudi miguu ilikuwa inakataa, mpira nauona unakuja lakini mwili unachelewa. Ndo maana namheshimu sana yule dada, karudi baada ya karibu miaka minne na mwaka huo huo anafunga goli kama lile. Hiyo siyo bahati, alikuwa anajifua wakati hakuna anayemuita.

Kijana_wa_Chamazi:
Dah dada Mamu hiyo ya 2010 nilikuwa sijaiunganisha kabisa. Na ndo mashindano ya kwanza ya Twiga Stars wetu, timu ya taifa ya wanawake Tanzania, tulikuwa kundi moja na Sauzi wakatufunga 2-1.

Mamu_Tandika:
Ehee, hiyo hiyo. Halafu mashindano hayo ya Afrika ya 2014 kule Namibia, goli la 100 anawafunga Algeria, nafasi za Afrika safari hiyo zimeongezwa zimekuwa 3, Banyana wanafika mechi ya mshindi wa 3 wanafungwa 1-0 na Ivory Coast. Goli moja tu Baba Salma. 2015 akatundika daluga. Banyana wamekuja kucheza Kombe la Dunia 2019 na ubingwa wa Afrika wameuchukua 2022, yeye keshastaafu.

Baba_Salma_Mbagala:
Marahaba Mamu, asanteni sana. Nimemsomea yote. Kanyamaza kidogo halafu kaniuliza, hiyo miaka alipokuwa haitwi alikuwa anafanya mazoezi na nani? Hapo nimekosa jibu. Mamu kama una mtu anafundisha wasichana huku Mbagala au hata Temeke nifuate inbox, Jumamosi namleta.