Kwenda Kikuubo: gari niliache wapi?

DukaTororo
Habari zenu wakubwa. Ijumaa nakuja Kampala kutoka Tororo na gari dogo kununua sabuni na vyombo vya plastiki kwenye maduka ya jumla ya Kikuubo, katoni sita hivi. Niegeshe wapi nisifungwe gurudumu, na kutoka hapo nipande nini?

Utingo_Nakawa
Dada, gari lisifike Luwum Street wala Ben Kiwanuka. Stendi za takisi (mabasi madogo ya abiria), Paki ya Zamani na Paki Mpya, ziko hapo karibu, na takisi za njia nyingi zinaishia humo, kwa hiyo foleni ya pale haiishi hata ukipata nafasi ya kuegesha. Kando ya barabara unalipia kwa muda. Ukichelewa kwenye maduka, deni linapanda na kufuli linakuja.

Mukono uipite kabla ya saa kumi na mbili alfajiri. Baada ya hapo Seeta, Bweyogerere na Kireka zinakushika mpaka saa tatu. Ishia Lugogo, kwenye maegesho ya kulipia ya maduka makubwa. Tiketi ya getini tembea nayo, usiiache garini: ikipotea utatozwa zaidi. Usipange kulaza gari usiku kucha bila kumuuliza mlinzi.

Hapo panda takisi ya abiria 14 inayoingia mjini. Uliza nauli kabla ya kukaa, maana mvua ikinyesha inapanda, na uwe na noti ndogo. Kushuka unasema kwa Kiganda "mu maaso awo", yaani hapo mbele. Foleni ikikaza karibu na paki, shuka utembee. Utafika kabla ya waliobaki kwenye takisi.

Reli_Kireka
Ipo pia treni ya abiria kutoka Namanve kuingia mjini, iliyoanza Desemba 2015. Haijui foleni, lakini ni ya asubuhi na jioni. Anayemaliza manunuzi saa saba mchana haimfai.

MzigoSalama
Kwenda ni rahisi, kazi iko kwenye kurudi. Katoni sita kwenye takisi, kondakta atakutoza viti. Boda inabeba mbili zikifungwa kwa mipira, ila vyombo vya plastiki ni vyepesi na vipana, vinamyumbisha dereva.

Kwa mzigo huo mimi ningesema gari liache Tororo kabisa. Njoo na basi. Mchukuzi wa Kikuubo patana naye kwa katoni, si kwa safari, na utembee nyuma yake bila kumpoteza machoni. Mpelekee wakala wa basi la Tororo. Kila katoni iandike jina na simu pande mbili kwa kalamu nzito, na risiti itaje idadi: "katoni 6", siyo "mzigo". Sabuni ya maji isimame wima, vifuniko vizungushiwe selotepu. Ikivuja, katoni ya chini inalainika na zote zinaporomoka.

DukaTororo
Asanteni sana. Basi likifika usiku je?

MzigoSalama
Muulize wakala kabla hujalipa kama ofisi ya Tororo inalaza mizigo. Kama hailazi, tuma kwa basi la asubuhi.