Mume wangu ni fundi marumaru, kikohozi hakiishi. Vumbi linaweza kuleta saratani?

Mama Nkuhungu
Habari zenu wakuu. Tupo Dodoma, mume wangu anafunga marumaru na graniti, kazi nyingi anapata Mtumba na Ihumwa. Anakata kwa grinda chumbani, madirisha yamefungwa kwa sababu ya upepo wetu huu. Jioni anarudi hadi kope nyeupe, na mtoto anamrukia hivyohivyo. Anakohoa miezi sasa, kapungua, akibeba ndoo ya maji lazima asimame njiani. Kapima TB, hana. Wenzake wanamwambia anywe maziwa yasafishe kifua. Naogopa. Nianzie wapi?

Fundi Kizota
Pole sana shemeji. Maziwa yanakwenda tumboni, mapafuni hayafiki. Marumaru za kawaida akate kwa ile mashine ya mkono ya kukwaruza na kuvunja, haitoi vumbi la maana. Graniti inataka mashine yenye beseni la maji, vumbi linageuka tope. Ila asimwagie maji grinda ya kawaida, umeme utamuua.

Nesi Area C
Dada, kikohozi pekee hakitoshi kusema ni saratani, lakini kukohoa hivyo huku anapungua si jambo la kusubiri. Vumbi la graniti lina silika (madini yaliyomo kwenye mawe na mchanga), na shirika la saratani la WHO lililitaja kuwa linasababisha saratani ya mapafu tangu 1997. Kabla ya hapo linaweza kuyakaza mapafu, ugonjwa unaitwa silikosisi, na mwenye nao hupata TB kirahisi. Mpelekeni hospitali ya mkoa au Benjamin Mkapa apigwe picha ya kifua. Na nakuomba sana: daktari aambiwe ANAKATA MAWE, na kwa miaka mingapi. Wagonjwa wengi wanasema tu "nakohoa", wanapewa dawa ya kikohozi, wanarudi kwenye vumbi lilelile. Sigara anavuta?

Mama Nkuhungu
Anavuta, hasa akiwa saiti.

Nesi Area C
Aache. Vumbi na sigara pamoja ni hatari kubwa zaidi.

Mzee wa Msalato
Na akiitwa kubomoa paa la zamani la asbestosi akatae. Saratani yake inaweza kujitokeza baada ya miaka 20, hata 40, saiti yenyewe mmeshaisahau. Kama ana mwajiri, ulizeni habari za WCF, ule Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, magonjwa yatokanayo na kazi yanalipwa fidia. Tatizo vibarua wengi hawaandikishwi, na hilo linaniuma.

Mama Nkuhungu
Asanteni mno. Amekubali, Jumatatu tunakwenda. Na zile nguo je? Huwa nazikung'uta uani kabla ya kufua.

Fundi Kizota
Usizikung'ute tena shemeji, hilo vumbi unalivuta wewe na mtoto. Abadilishe hukohuko saiti, azifunge kwenye mfuko, wewe uziloweke moja kwa moja. Na barakoa ya kitambaa haizuii vumbi jembamba, atafute N95, ile barakoa maalumu ya kuchuja vumbi jembamba.